Barabara hii ni ya nani? Maswali mnayoniuliza kila mvua ikianza Lubumbashi

Mvua ya kwanza ikishaanguka tu simu yangu hainyamazi tena. Picha za mashimo, picha ya taksi imezama mpaka mlangoni, odio za dakika tano za watu wenye hasira, na maswali ni yale yale ya mwaka jana. Sasa nimekaa nimeyaandika yote pamoja na majibu, ukiniuliza tena nakutumia hii, tusichokane. Mimi si mwanasiasa wala avoka. Nilisoma ujenzi, napima viwanja ili nile, na nimekuwa sekretere wa komite ya avenyu yetu huku Katuba, komini moja ya Lubumbashi, kwa sababu siku ya kuchagua nilichelewa kufika, waliowahi walishakataa wote.

Barabara ya mbele ya kwetu imekufa, nimlaumu nani?

Usimlaumu mtu kwanza. Uliza hii barabara ni ya nani. Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote humu na wakubwa wanapenda sana usilijue, maana ukienda kwa bugumesta, mkuu wa komini, na barabara ya taifa atakuambia kwa furaha kabisa "hiyo si yangu", na atakuwa amesema kweli.

Hesabu ambayo serikali yenyewe inatumia ni kilomita 152,400 za barabara Kongo nzima. Kati ya hizo 58,129 ni za taifa na za majimbo, hizo ni kazi ya Office des Routes. Zile 7,400 za ndani ya miji ziko kwa OVD, yaani Office des Voiries et Drainage, na usisahau hilo neno la mwisho, maji ya mvua nayo ni kazi yao. Zilizobaki 86,871, zaidi ya nusu ya zote, ni njia za vijijini za kutolea mazao, ziko chini ya maendeleo vijijini na kurugenzi yao inaitwa DVDA.

Kwa hiyo Kolwezi–Likasi–Lubumbashi–Kasumbalesa ni RN1, barabara ya taifa namba 1, ile ile inayoanzia Banana baharini. Ya kwenda Kasomeno na Pweto ni RN5, inapanda mpaka Kalemie, Uvira na Bukavu. Avenyu yako ya komini ya Kenya au ya Kampemba hapa mjini ni ya OVD.

Sasa shida ni kwamba mwenye barabara si lazima awe mwenye pesa. Office des Routes na OVD ni za serikali kuu ya Kinshasa, lakini lami ya avenyu inaweza kulipwa na jimbo, na komini, na kampuni ya migodi, au na mkopo wa nje. Kwa hiyo maswali ni mawili kila mara, barabara ni ya nani na pesa ni ya nani, ukikosa moja unazungushwa. Sisi mwaka wa kwanza tulizungushwa biro tatu, ya kwanza ikasema nendeni ya pili, ya pili ikasema ya tatu, na ya tatu mwenye biro alikuwa mapumziko ya saa sita tangu saa nne.

Kwa nini lami mpya haimalizi mwaka?

Watu wanajibu "wamekula pesa" na wanaishia hapo. Inawezekana wamekula, lakini barabara yenyewe inauawa na maji, na ukijua inavyouawa unajua cha kuuliza.

Lami ni kofia tu. Kinachobeba gari kiko chini: udongo ulioshindiliwa, juu yake tabaka la latriti au mawe, juu tena mawe yaliyosagwa vizuri, ndipo lami. Kila tabaka linamwagiwa maji kiasi na kupitiwa na roli nzito mpaka likatae kushuka. Halafu barabara iwe na mgongo, katikati juu pembeni chini, maji yateremke kwenye kanivo, mfereji wa pembeni. Kanivo ikijaa chupa za plastiki na mchanga maji yanarudi barabarani, yanalala, yanaingia kwenye ufa mdogo ambao hata huuoni, udongo wa chini unakuwa uji, gari ya kwanza inapita lami inabonyea, ya mia kuna shimo. Haihitaji lori la shaba, taksi ya Katuba inatosha.

Avenyu ya jirani zetu iliwekwa lami mwezi wa tisa, mbio mbio, kwa sababu kuna mkubwa alikuwa anakuja kukata utepe. Mwezi wa pili kipande cha mbele ya kinu cha kusaga kilikuwa kimeinuka kama ganda la kidonda. Mtoto wangu alikuwa anatoka masomo, nikachukua rula yake ya plastiki nikapima: sentimita 2, mahali pengine moja na nusu. Chini yake hakuna mawe, ni mchanga mwekundu wa kawaida, nilichimba kwa kidole. Kwa kidole, nasema. Kanivo walijenga upande mmoja, upande wa pili waliuacha "kwa awamu ya pili", na maji ya kartie nzima yalikuwa yanapita huo upande wa pili. Kijana mmoja aliyekuwa anatuangalia akasema, "Papa, hii haiko barabara, hii ni rangi."

Na sisi wenyewe je? Kanivo nani anaijaza?

Sisi. Siwezi kudanganya. Nyumba tatu kwenye avenyu yangu zinamwaga takataka ndani ya kanivo usiku, nazijua, na mojawapo ni ya mtu wa komite. Lakini kanivo isiyo na gari la takataka linalopita kartie itajazwa tu hata na malaika, na kodi ya takataka sokoni inakatwa kila siku asubuhi. Kwa hiyo lawama tugawane.

Kibao cha shantie, pale wanapojenga, kina jina la mkubwa, bei hakuna. Tunaruhusiwa kuuliza?

Uliza tena kwa sauti. Sheria ya masoko ya serikali ni ya tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 2010, msingi wake ni kwamba kazi ya serikali inatangazwa wazi na makampuni yanashindana. Kumpa mtu mmoja mkono kwa mkono, ile wanaita gre a gre, inatakiwa iwe kwa sababu maalum na kwa ruhusa. Kuna DGCMP inayokagua kabla na kutoa hizo ruhusa, kuna ARMP inayosimamia mfumo wote na kusikiliza malalamiko.

Lakini usiingie kwenye biro ukauliza "mmekula ngapi", utatolewa na askari na utakuwa umewapa sababu. Uliza namba ya kontra, bei, urefu, upana, nani anakagua kazi kila siku, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na unene wa lami ulioandikwa kwenye karatasi. Mimi napenda huo unene. Juu ya mabilioni mtu anaweza kubishana nawe mpaka usiku wa manane, lakini karatasi ikisema sentimita 5 na rula ya mtoto inasema 2, hapo maneno yanapungua.

Kibao cha kwetu kilikuwa na picha kubwa ya mtu anatabasamu, kilikuwa na "muda wa kazi: miezi 3", bei hamna. Miezi minane baadaye nilikikuta kimelazwa juu ya matofali manne, mama mmoja anauzia juu yake mikate ya mafuta. Nikamuuliza, mama, hiki si kibao cha serikali? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Papa, serikali ilikiacha, miye njo niliokota. Mu hii shantie yote paka hii njo inatumika." Nilinunua mikate nikaenda zangu.

Kampuni imeshabeba mashine zake imeondoka, si basi imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kazi ya serikali inapokelewa mara mbili. Mapokezi ya kwanza ni ya muda, ndiyo ile ya utepe, ngoma na kofia za bure. Kinafuata kipindi cha garanti, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mjenzi anatakiwa kurekebisha kwa pesa yake mwenyewe kila kilichoharibika kwa kosa lake, na sehemu ya malipo yake inabaki imeshikwa. Kipindi kikiisha wanakuja kukagua tena, ikiwa safi ndio mapokezi ya mwisho na ile pesa inaachiliwa. Siku hiyo ya pili hakuna ngoma, hakuna kamera, na ndiyo siku yenyewe.

Kwa hiyo mashimo yakianza mwezi wa tano baada ya utepe usingoje kampeni. Piga picha zenye tarehe, andika, uliza swali moja: mapokezi ya mwisho yameshafanyika, na nani alisaini? Kama bado, hakuna haja ya bajeti mpya wala mfadhili, kuna haja ya kumpigia simu mjenzi. Na kama yamefanyika juu ya lami ya sentimita 2, huyo aliyesaini ana jina.

Pesa ya peaje, ile ya kupita kwenye kizuizi cha barabara, inaenda wapi?

Kabla ya peaje anzia kwenye pampu. Kuna mfuko unaitwa FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliundwa na sheria ya mwaka 2008, unalishwa na makato kwenye mafuta pamoja na peaje. Maana yake kila lita ya petroli au ya mazutu ina kipande cha barabara ndani yake, hata mama mwenye jenereta ya kugandishia samaki analipia RN1 bila kujua. Na mfuko ni wa kutunza: kuziba mashimo, kusafisha kanivo, kurudisha latriti. Barabara mpya ni pesa nyingine, ukisikia mtu anaahidi kilomita mia za lami mpya "kwa pesa ya FONER" mwombe arudie taratibu.

Lori la Kasumbalesa kwa hiyo linalipa mara mbili, kwenye mafuta na kwenye kizuizi. Kwenye mhimili wetu wa RN1 peaje imeshikwa na kampuni kwa mkataba na serikali, na mkataba kama huo una pande mbili, upande wa kukusanya na upande wa kurudisha kazi barabarani. Kizuizi kinahesabu lori moja moja, tiketi moja moja, usiku na mchana, kwa hiyo hesabu ipo. Mtu anayekuambia haiwezi kujulikana anakufanya mtoto. Ng'ambo ya pili Wazambia nao waliwapa watu binafsi kipande cha Chingola–Kasumbalesa wakijenge na wajilipe kwa peaje, ukivuka mpaka unaweza kulinganisha kwa mgongo wako mwenyewe.

Jambo la uzito halizungumzwi vya kutosha. Wahandisi wa barabara wana kanuni moja ya zamani: madhara ya ekseli kwenye barabara hayapandi sawa na uzito, yanapanda kwa kipeo cha nne au karibu na hapo. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, unaiumiza barabara kama mara 16. Kwa hiyo lori lililojazwa kupita kiasi na kupitishwa kwenye mizani kwa noti iliyokunjwa ndani ya kitabu cha gari limekula maisha ya malori mengi yaliyolipa vizuri. Hiyo noti ndogo ndio ghali kuliko peaje yote ya siku ile.

Vijana wanaojaza mashimo na kuomba falanga mia tano, tuwape?

Mimi natoa nikiwa nazo. Ila mchanga wanaojaza leo kesho ndio unaoziba kanivo, na kuna shimo moja ninalolijua ambalo huwa linafunguka tena kila Ijumaa jioni kwa ajili ya wikendi.

Shaba na kobalti viko kwetu, matope nayo kwetu. Imekuwaje?

Hili ndilo mnauliza kwa hasira zaidi na nawaelewa. Sheria mpya ya migodi, ile wanaita kode minie, ni ya mwezi wa 3 mwaka 2018, ilirekebisha ile ya 2002, na inasema wazi redevansi ya migodi, ile pesa kampuni inalipa kwa madini inayochimba, inagawanywaje: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta au shefri ambako mgodi uko, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu ya kichwa. Kampuni ikilipa redevansi ya dola milioni 10, jimbo linapata milioni mbili na nusu na komini ya pale mgodi ulipo inapata milioni moja na nusu. Komini! Ile ile yenye biro isiyo na kioo cha dirisha.

Juu ya hapo kampuni inatakiwa kuweka pembeni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanaoishi karibu na mgodi, na kuna kaye de sharje, karatasi iliyosainiwa na jamii inayosema kampuni itajenga nini na lini. Ukiwa unaishi ndani ya eneo hilo hiyo karatasi ni yako, iombe. Barabara nyingi za latriti zinazozinduliwa kama zawadi ya mkubwa fulani ukichimba kidogo unakuta zilikuwa deni lililoandikwa kwenye kaye de sharje.

Upande wa Kinshasa, katiba ya 2006 kifungu cha 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na inakatwa pale pale kwenye chanzo. Neno "kwenye chanzo" halijawahi kuheshimiwa, pesa inapanda kwanza Kinshasa halafu inarudi kama mtu anavyorudisha chenji, ikirudi, na mwezi anaotaka yeye. Kwa hiyo gavana akisema hana pesa si uongo mtupu. Ni nusu yake, kwa sababu ile 25 ya migodi haipitii njia hiyo, na juu ya hiyo maswali ni ya kwake yeye na ya asamble ya jimbo inayopiga kura ya bajeti.

Na zile bilioni za Wachina?

Unamaanisha Sicomines, kampuni ya mgodi ya Wachina na Kongo. Mkataba ni wa 2008, wakati wa Joseph Kabila, mgodi uko upande wa Kolwezi, Wachina wana asilimia 68 na upande wa Kongo 32. Wazo lilikuwa tamu: shaba ijilipie barabara, nchi isitoe kitu mfukoni. Mwanzo ilikuwa dola bilioni 9, yaani 6 za miundombinu na 3 za mgodi, IMF ikapiga kelele kwa sababu ya deni na 2009 ukashushwa, miundombinu ikabaki bilioni 3.

Mwezi wa 2 mwaka 2023 IGF, wakaguzi wa fedha walio chini ya rais, wakatoa ripoti yao: kwa miaka yote hiyo upande wa miundombinu zilikuwa zimetoka dola milioni 822 tu. Kelele zikaanza, mazungumzo yakafanyika, na mwezi wa 3 mwaka 2024 mkataba ukarekebishwa, miundombinu ikapandishwa mpaka bilioni 7, milioni 324 kwa mwaka mpaka 2040. Watu wengi wanakariri hiyo bilioni 7 kama wimbo. Mimi nawaambia shikeni ile 324, na shikeni kwamba malipo yamefungwa kwenye bei ya shaba, shaba ikianguka sana na barabara zinaanguka nayo. Kila mwaka kuna orodha ya barabara zitakazolipwa na hiyo pesa. Depite wako, yaani mbunge, akija kuomba kura muulize orodha ya mwaka huu ina kilomita ngapi za Haut-Katanga, umwangalie usoni.

Programu ya teritware 145 inatuhusu?

Mtu wa Lubumbashi mjini, hapana. Ile ni programu ya serikali ya teritware, yaani wilaya za nje ya miji, na mji si teritware. Haut-Katanga ina sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa nchi nzima, shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, na njia za vijijini. Kazi waligawana BCECO na CFEF, ofisi za serikali, na PNUD ya Umoja wa Mataifa, teritware yako iko kwa mmojawapo, kwa hiyo kama una ndugu Kasenga anauliza shule yao iko wapi, mwambie aulize kwanza iko kwa nani kati ya hao watatu.

Barabara na bei ya bunga vinahusiana vipi?

Hapa ndipo siasa ya uchumi inaingia kwenye sufuria. Lubumbashi tunakula bukari, yaani ugali, na sehemu kubwa ya mahindi na bunga inaingilia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkali, mahindi yao wenyewe hayakutosha, na sisi tukaufahamu ukame wa watu wengine sokoni Kenya, hapa hapa mjini. Mwezi wa 8 mwaka huo huo Zambia ikafunga mpaka siku chache kwa sababu ya ugomvi wa bia na soda, Kongo ilikuwa imezuia vinywaji vya nje. Bia! Mama yangu mkubwa hajawahi kuonja bia maisha yake yote na siku ile alikuwa anahesabu vikombe vya bunga vilivyobaki kwenye ndoo.

Na ardhi tunayo. Ukitoka kuelekea Pweto, Mitwaba, huko mahindi yanakubali. Ila mkulima wa kule akivuna anakaa na mifuko mpaka fukusi wanaingia, kwa sababu dereva anahesabu siku za matope, springi iliyovunjika, mazutu ya kuchomokea, na kila kizuizi kina mtu na kitabu cha risiti. Mfuko ulionunuliwa rahisi shambani ukifika mjini umebeba hayo yote mgongoni, unagongana na mfuko wa Zambia uliokuja juu ya lami, unashindwa. Halafu kila mwaka mnaona tangazo, bunga ya bei nafuu inauzwa kwenye lori, foleni ndefu, kamera, wiki mbili imekwisha. Mimi ningeambiwa nichague kati ya hiyo na kuchonga upya kilomita hamsini za njia ya DVDA na kuondoa vizuizi nusu, nisingefikiri mara mbili. Kuchonga njia ya udongo si kazi ya mabilioni, ni greda moja, latriti, mifereji ya pembeni, na vijiji vinavyolipwa kusafisha hiyo mifereji kila baada ya mvua.

Reli ya Lobito itatuondolea malori?

Baadhi. Upande wa Angola reli ina kilomita 1,344 kutoka Lobito, bandari ya baharini, mpaka Luau mpakani, upande wetu SNCC, shirika la reli, ina kipande cha Dilolo mpaka Kolwezi cha kama kilomita 400 na hicho ndicho kibovu. Shaba ya Kolwezi ikipanda treni itakuwa imepunguza malori RN1. Ila saruji, mafuta, bunga na magari ya Dubai bado vinatoka kusini, kwa hiyo msiuze viatu vya mvua.

Kuna mkubwa ameshawahi kujibu mahakamani?

Ndiyo, na mnakumbuka, mliangalia kwenye televisheni. Ile programu ya siku 100 ya rais Tshisekedi ya 2019, ya so de muto za Kinshasa, yaani madaraja ya juu ya barabara, na mengine. Mwezi wa 6 mwaka 2020 Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alihukumiwa miaka 20 katika kesi ya nyumba za kuunganisha, na katika kesi nyingine ya mwezi huo huo mkurugenzi wa OVD alihukumiwa kwa ajili ya pesa za barabara za Goma na Bukavu. Kamerhe akapunguziwa kwenye rufaa, 2022 akaachiliwa huru kabisa kisheria, 2023 akaingia serikalini, 2024 akawa spika wa bunge la taifa, mpaka 2025 alipojiuzulu. Kila mtu alichukua somo lake. Mimi lililonibaki ni kwamba kesi ilitembea kwa sababu kulikuwa na karatasi za benki, kontra na tarehe, na barabara za Goma na Bukavu hazikupata kilomita hata moja kutokana na hukumu.

IGF na Mahakama ya hesabu, tofauti ni nini?

IGF iko chini ya rais, inaweza kuingia popote haraka, ndio maana inaogopwa. Kur de konte ni mahakama yenye majaji, inakagua hesabu za serikali na za majimbo na katiba inataka itoe ripoti kila mwaka. Ya kwanza ina kelele, ya pili ina kurasa. Someni za pili.

Tunaweza kufanya nini bila kujikuta kwenye kasho?

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 27: kila Mkongo ana haki ya kuandikia mamlaka petisheni, peke yake au na wenzake, na mamlaka inatakiwa ijibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuiandika. Watu wa avenyu yangu nilipowasomea hicho kifungu walinitazama kama nimekitunga, ikabidi nizungushe simu wakisome wenyewe. Maandamano nayo ni haki, kifungu cha 26, ila lazima mjulishe mamlaka kwa maandishi kabla, na mnajua wenyewe inavyokuwa, sitawadanganya.

Sisi tulifanya hivi. Ukurasa mmoja tu, usizidishe, hakuna anayesoma wa pili. Jina la avenyu, kutoka kona gani mpaka kona gani, tulipima kwa hatua halafu kwa utepe. Picha nne na rula ndani ya picha. Maswali matatu: kontra namba ngapi, unene gani, mapokezi ya mwisho lini. Saini 61 na namba za viwanja. Tulitoa kopi nne, moja komini, moja OVD, moja meri, ofisi ya meya, moja kwa depite wa jimbo, kwa sababu depite anaweza kumuuliza waziri wa jimbo swali la mdomo mbele ya asamble na sisi hatuwezi. Msiwasahau na wakonseye, madiwani wa komini, tuliwapigia kura mwezi wa 12 mwaka 2023, wengi wetu hatukumbuki hata tulimchagua nani, mimi ilibidi nimuulize mke wangu.

Na mhuri. Kila kopi inayobaki kwako iwe na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini, akize. Bila akize hujaandika barua, umeacha karatasi. Biro moja walituambia mhuri uko na mtu aliyesafiri, tukakaa kwenye benchi, mama wawili wakatoa samaki na bukari wakaanza kula pale pale, mhuri ukapatikana.

Barua iandikwe kwa lugha gani?

Kifaransa, ndio lugha ya serikali, usiwape sababu ya kuirudisha. Lakini isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu kabla ya kusaini, mstari kwa mstari, maana mtu akisaini asichokielewa akiitwa kuulizwa atakukana. Kwenye yetu mzee mmoja alisimamisha usomaji kwenye neno "unene" akataka tuongeze kanivo ya upande wa pili, akasema bila hiyo tunaomba rangi tena. Tuliongeza kwa kalamu, ndio maana kopi zote zina mstari wa mkono pale chini.

Wamejibu?

OVD walikuja vijana wawili wakapima, mmoja akaomba kuona rula yenyewe. Komini walisema wameipokea. Wengine bado. Akize ya mwisho ni ya tarehe 4 mwezi wa 11, kwa hiyo miezi mitatu inaisha tarehe 4 mwezi wa pili, katikati ya mvua, na karatasi ya pili nimeshaiandika iko ndani ya droo.